Jina lisilokuwepo mlangoni: kisa cha vocha za pembejeo Kilimanjaro, 2009

Mwanzoni mwa 2009, kabla masika hayajaanza, orodha ya watakaopewa vocha za pembejeo, karatasi za ruzuku ya mbolea na mbegu za Serikali, ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji chetu, Moshi Vijijini. Nilikuwa nyumbani likizo. Shangazi alinituma nikaisome kwa niaba yake kwa kuwa macho yake yalishaanza kukataa maandishi madogo. Niliisoma mara mbili, kidole kikishuka jina baada ya jina. La kwake halikuwepo. Nilimkuta mwenyekiti wa kitongoji chetu, nikamkuta mwenzake wa kitongoji cha pili, nikawakuta wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na katikati yao majina ya kaka zao na wakwe zao.

Niliporudi, shangazi alikuwa anapalilia migomba. Aliniuliza kwa kuniangalia tu, nikatikisa kichwa. "Nilijua, mwanangu," akasema, akaendelea na jembe lake.

Nimeishi na siku ile miaka yote hii, na nimejaribu kuielewa bila kuanza na hasira. Kwa muda mrefu nilidhani ni kisa cha wizi wa kawaida, viongozi kujipendelea, basi. Sasa naamini kuna jambo zito zaidi. Mpango ule ulikuwa na sharti moja ndani yake ambalo lingemtoa shangazi kwenye orodha hata kama kijiji kizima kingeongozwa na watu waadilifu.

Kwanza mpango wenyewe. Bei za chakula na za mbolea zilipaa duniani mwaka 2007 na 2008. Serikali ya Tanzania ilikuwa tayari inachangia gharama za kusafirisha mbolea tangu msimu wa 2003/04, lakini ruzuku ya namna hiyo huishia kwa msafirishaji na mwenye duka, na mkulima haoni hata alama yake. Ndipo ikaamuliwa kumfuata mkulima mwenyewe kwa hati ya karatasi yenye thamani ya fedha. Mwaka 2009 Benki ya Dunia iliongeza dola milioni 160. Lengo lilikuwa kuzifikia kaya zipatazo milioni 2.5, kila kaya ipewe kwa misimu mitatu mfululizo halafu isimame kwa miguu yake.

Seti moja ya vocha ilikusudiwa kutosha ekari moja ya mahindi au mpunga. Kulikuwa na vocha ya mbolea ya kupandia, yaani mfuko mmoja wa DAP au miwili ya Minjingu, vocha ya mfuko mmoja wa urea kwa kukuzia, na vocha ya mbegu bora, kilo 10 kwa mahindi. Vocha ililipa nusu ya bei. Nusu ya pili mkulima alitakiwa aitoe mfukoni mwake, palepale dukani kwa wakala. Wakala alikusanya vocha zilizosainiwa, akazipeleka tawi la benki ya NMB, akalipwa fedha ya Serikali. Karatasi zenyewe zilichapwa na kushushwa kutoka wizarani hadi mkoani, wilayani, kisha kijijini, na kila ngazi ilikuwa na saini zake na ucheleweshaji wake.

Kijijini ndiko uamuzi mkubwa ulikofanyika. Kila kijiji kilitakiwa kichague kamati ya vocha ya watu sita, wanawake watatu na wanaume watatu. Kamati iandike orodha, mkutano mkuu wa kijiji uipitishe. Anayestahili ni mkulima mkaazi wa kijiji, analima mahindi au mpunga usiozidi hekta moja, ambayo ni kama ekari mbili na nusu, na yuko tayari kulipa ile nusu. Watakaotangulizwa ni kaya zinazoongozwa na wanawake, na wale ambao kwa miaka mitano iliyopita hawakutumia mbolea ya dukani wala mbegu bora, au walitumia kidogo sana.

Soma vigezo hivyo ukimfikiria shangazi. Mjane. Ekari moja ya mahindi huku chini tambarare, mbali na kihamba chake cha migomba na kahawa. Mbolea ya dukani alikuwa anainunua kwa kilo, tena si kila mwaka, anaipeleka shambani kwenye mfuko wa rambo na kuitia kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kila shimo mpaka iishe, na mistari inayobaki inapata samadi au haipati kitu. Ukimtafuta mtu aliyeandikiwa mpango ule, ni yeye. Alikidhi kila kigezo isipokuwa kimoja.

Watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, waliuchunguza ugawaji wa vocha wa mwaka huohuo, 2009, katika mkoa huohuo wa Kilimanjaro, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Walikuta asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa ziliangukia kaya zenye viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Nilipoisoma takwimu hiyo kwa mara ya kwanza niliuona tena mlango ule wa ofisi. Kumbe haikuwa bahati mbaya ya kijiji chetu peke yake.

Wengi wakisikia asilimia 60 hushtuka na kudhani haiwezekani bila genge la wezi. Inawezekana, na hesabu yake ni nyepesi. Kwa sheria zetu halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, wakiwemo mwenyekiti na wenyeviti wa vitongoji. Ongeza watu sita wa kamati ya vocha, unaweza kufika 31. Tuseme kijiji kimeletewa seti 50. Kila mmoja wa hao akijiandika mara moja tu, na kila mmoja akawa kweli analima mahindi chini ya hekta moja, orodha imeshajaa zaidi ya nusu kabla jina la mtu mwingine halijatajwa. Hakuna aliyeghushi. Hakuna aliyejiandika mara mbili. Ukimuuliza yeyote kati yao atakwambia kwa moyo mweupe, "Na mimi ni mkulima." Ni kweli, ni mkulima.

Hapa ndipo watu husema basi kosa liko wapi? Kiongozi wa kijiji si tajiri. Halipwi mshahara, analima kama wengine, mara nyingi shamba lake linapakana na la mjane huyohuyo. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Lakini tuiulize ruzuku swali lake yenyewe: mfuko huu wa mbolea ungekuwepo shambani hata kama vocha isingekuja? Kwa mjumbe aliyezoea kununua mfuko wa urea kila masika, jibu ni ndiyo. Vocha imempunguzia gharama, amebaki na fedha ya ada ya mtoto au bati, naye anastahili mambo mema kama mtu mwingine yeyote. Ila mahindi ya kijiji hayakuongezeka hata gunia. Kwa shangazi jibu ni hapana. Mfuko mzima wa urea kwenye ekari ile ungekuwa kitu ambacho shamba halijawahi kuonja. Fedha ileile ya Serikali, kwa ekari ileile, inazaa kwa mmoja na haizai kwa mwingine. Na hata lile wazo la misimu mitatu, kwamba mtu ajifunze na aone faida halafu aendelee mwenyewe, halina maana kwa aliyekwisha kujifunza zamani.

Sasa turudi kwenye ile nusu.

Nia ya kumtaka mkulima achangie ilikuwa njema, na nimewahi kuwasikia mabwana shamba wakiitetea kwa nguvu. Kitu cha bure hakitunzwi. Aliyelipa nusu hataiacha mbolea iloane barazani. Mawakala nao wapate biashara ya kweli ili duka lisife ruzuku itakapoondoka. Yote ni sawa. Lakini mwongozo uleule uliosema mtangulizeni asiyewahi kutumia mbolea, ulisema pia awe ni mtu anayeweza kulipa nusu ya bei ya mifuko miwili na mbegu kwa mkupuo, mwezi Februari au Machi, wakati ambao ghala limeisha, ada za shule zimelipwa Januari, na mahindi ya kula yenyewe yananunuliwa. Kwa nini hajawahi kutumia mbolea? Mara nyingi sana ni kwa sababu hana hela mwezi huo. Kigezo cha kwanza kilimwita, cha pili kikamfungia mlango.

Kamati ikaachiwa kitendawili hicho ikitegue peke yake. Jiweke mahali pa wale watu sita. Wilaya inataka vocha zote zitumike, kwa sababu vocha inayorudi ni aibu kwa kijiji na huenda mwaka ujao mgao ukapungua. Unamjua kila mtu. Unajua nani ana ng'ombe wa maziwa na nani anadaiwa dukani. Ukimwandika mjane, kuna hatari vocha ikalala. Ukimwandika mwenyekiti wa kitongoji, kesho kutwa ameshachukua mbolea. Ndivyo orodha inavyoelea kidogokidogo kuelekea kwa wenye uwezo, na katika kijiji wenye uwezo, wanaojua habari mapema, wanaohudhuria kila kikao, na viongozi, mara nyingi ni watu walewale. Upendeleo ulikuwepo, sitaki kuuficha, na kaka na wakwe sikuwaota. Ninachosema ni kwamba sharti la nusu liliupa upendeleo sababu ya heshima ya kujifunikia.

Na mkutano mkuu wa kijiji? Orodha ilisomwa hadharani, tulikaa kwenye nyasi chini ya mti, ikaulizwa kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyesimama. Mtu wa nje ataandika kwenye ripoti kwamba wananchi waliridhia. Lakini mwenyekiti yule ndiye utakayemwendea kwa barua ya utambulisho mtoto akitaka kwenda chuo, ndiye atakayekaa kwenye baraza la mgogoro wa mpaka wa kihamba, ndiye atakayesimamia msiba wako. Kusimama na kusema "jina la kaka yako litoke" kuna bei, na bei hiyo utailipa miaka mingi baada ya mbolea kuisha. Shangazi alikuwepo mkutanoni, mikono ameikunja ndani ya kanga.

Mwaka uliofuata jina lake liliingia. Sikuwahi kujua kwa nini. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Oktoba 2009, baadhi ya viongozi wakabadilika, na huenda waliokuja walitaka kuonyesha utofauti. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimsindikiza dukani mimi mwenyewe.

Duka lilikuwa na foleni fupi. Kijana wa wakala alimwamkia vizuri, "Shikamoo mama," shangazi akaitikia, akafungua pindo la kanga na kuweka vocha juu ya kaunta, zikiwa zimekunjwa mara nne. Kijana akazinyoosha kwa kiganja.

"Hela ya kuongezea unayo, mama?"

Shangazi akafungua fundo la pili. Zilikuwa noti za elfu mbili mbili na sarafu kadhaa. Kijana hakuzihesabu, aliziona tu kwa macho.

"Hii haitoshi hata urea peke yake."

"Nipe urea nusu mfuko basi, mwanangu."

"Vocha haikatwi nusu, mama." Akanyamaza, akatazama nyuma yetu, kisha akashusha sauti. "Wewe weka dole hapa kwenye zote tatu. Nikupe elfu kumi na tano. Ukanunue kilo zako za mbolea, na sukari utapata."

Nilitaka kusema kitu. Shangazi alinigusa mkono. Wino wa dole gumba ulikuwa kwenye kikopo cha plastiki chenye sponji iliyokauka pembeni, alikandamiza mara tatu kwa nguvu kwa sababu ilikuwa haishiki vizuri. Tulitoka na elfu kumi na tano na kilo nne za urea kwenye mfuko wa rambo. Kijana hakuwa mtu mbaya, hata leo nasema hivyo, alituuliza kama tuna nauli.

Fikiria karatasi zile zilipokwenda. Zilifika benki zikiwa na alama ya dole la mkulima halali, mjane, mwenye ekari moja, aliyeorodheshwa na kamati na kupitishwa na mkutano mkuu. Wakala akalipwa thamani kamili. Katika hesabu za wilaya, kaya ya shangazi ilihesabiwa miongoni mwa walionufaika, tena katika safu ya kaya zinazoongozwa na wanawake, ile safu ambayo wafadhili huitazama kwanza. Mfuko wa DAP haukuhama dukani. Mfuko wa urea haukuhama. Mtu akikusanya takwimu za usambazaji tu, kisa chetu ni mafanikio.

Hayo hayakutokea kwetu pekee. Kuuzwa kwa vocha kwa mawakala kulilalamikiwa katika maeneo mengi miaka yote ya mpango, hadi ulipofikia ukingoni mwa awamu yake kuu msimu wa 2013/14. Tiba iliyozoeleka ilikuwa kukamata mawakala na watendaji wa vijiji, na waliostahili kukamatwa wakamatwe. Lakini huwezi kukamata sharti. Madhali mtu anashika karatasi yenye thamani kubwa asiyoweza kuitumia, atatokea wa kuinunua kwa thamani ndogo.

Kuna jambo katika utafiti ule wa Kilimanjaro ambalo halizungumzwi sana, na kwangu ndilo la thamani kuliko asilimia 60 yenyewe. Hali haikuwa sawa kila mahali. Vocha ziliwakwepa maskini zaidi katika vijiji vyenye tofauti kubwa ya mali na vilivyo mbali na barabara. Pale ambapo vocha zilikuwa nyingi zikafikia watu wengi, na pale ambapo watu wanaaminiana, tatizo lilipungua. Rudi kwenye hesabu yangu ya seti 50. Kijiji kikiletewa seti 200, wale viongozi 31 wakajiandika wote, bado zinabaki 169 za kugawana. Uchache ndio unaofanya nafasi ya uongozi igeuke mali. Serikali ikitawanya vocha chachechache vijiji vingi ili kila mbunge aseme kwake zimefika, inalisha hasa tabaka la juu la kila kijiji.

Miaka ilipita, na Nane Nane ya 2022, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya ya mbolea. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei vibaya. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150. Mfuko wa DAP uliokuwa unauzwa zaidi ya shilingi 130,000 ukashushwa hadi 70,000, na urea nayo 70,000. Safari hii hakuna karatasi wala kamati ya watu sita. Mkulima anajiandikisha ofisi ya kijiji, anapewa namba, taarifa zake zinaingia kwenye mfumo wa kidijitali unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, na wakala anamhudumia kwa namba hiyo.

Naiona tofauti na ninaishukuru. Hakuna orodha ya kubandikwa mlangoni kwa maana ya kuchagua huyu na kumwacha yule. Kila mkulima aliyejiandikisha anahesabiwa, na mwenyekiti hana cha kugawa. Ule mlango uliomfungia shangazi mwaka 2009 umeondolewa bawaba. Ila ukitoa kamati umetoa pia ile nia ya kumtanguliza asiyenacho. Mwenye ekari 20 anastahili mifuko ya ekari 20, kila mmoja ukiwa na ruzuku ndani yake, na mwenye ekari moja anapata ya ekari moja. Fedha inafuata ukubwa wa shamba. Na ile sehemu ya mkulima bado ipo, mwaka 2022 iliitwa shilingi 70,000, taslimu, na kwa kijiji kisicho na wakala kuna nauli ya kufika mjini na ya kuurudisha mfuko, na wakati mwingine siku mbili za foleni.

Laiti ningeulizwa, ningeanza na mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. La kwanza ni ukubwa wa kifungashio. Mfuko wa kilo 50 ni kipimo cha mwenye uwezo, mtu anayenunua kwa kilo anahitaji ruzuku imfuate kwenye kilo zake. La pili ni wakati wa malipo. Mkulima wa tambarare ya Kilimanjaro ana fedha Agosti na Septemba baada ya kuvuna, si Machi. Angeruhusiwa kulipia kidogokidogo tangu wakati wa mavuno, kwa namba yake hiyohiyo, kwa simu hiyohiyo, ile nusu isingekuwa ukuta.

Shangazi alijiandikisha 2022. Bado ekari moja, ingawa sasa mahindi analimiwa na binamu yangu. Msimu ule hakuweza kutoa 70,000 peke yake. Walichanga watatu, yeye na majirani wawili, mfuko ukanunuliwa kwa namba yake, na bodaboda akailipia mmoja wao. Jioni walitandika turubai uani, wakaumwaga, wakaugawa kwa kisado, wakizisawazisha chembechembe nyeupe za urea kwa kiganja kila kinapojaa ili asizidiwe mtu. Zilizobaki pembeni mwa turubai walizikusanya kwa ufagio wa chelewa, na kifuniko cha soda kikatumika kuzigawa hizo nazo, kimoja kimoja, mpaka zikaisha.